Oksitosini na zinki: pima jozi, usipime kiungo kimoja kimoja

Mdau wa Kasulu, umeuliza kama kutia zinki kwenye oksitosini, dawa ya sindano ya kuanzisha uchungu na kutibu damu inayotoka baada ya kujifungua, kunaweza kuifanya ivumilie joto la zahanati isiyo na friji, na majaribio yaanzie wapi. Zinki peke yake haisaidii. Hufanya kazi ikiwa pamoja na sitreti (chumvi ya asidi ya limau), ndiyo maana nasema pima jozi.

Ijue kwanza dawa yenyewe. Ina asidi amino 9. Ya 1 na ya 6 ni sisteini, zimefungwa pamoja kwa daraja la salfa. pH (kipimo cha ukali wa asidi) ikipanda kuelekea 7, daraja hukatika na molekuli huanza kushikana mbilimbili, tatutatu. Ikishuka mno, glutamini na asparajini hupoteza amidi zake. Penye utulivu ni karibu na 4.5.

Tengeneza bafa (maji yanayoshikilia pH isiyumbe) ya sitreti ya milimola 10 kwa lita, oksitosini mg 0.1 kwa mL. Kundi la kwanza liache bila chumvi. Mengine yatie kloridi ya zinki milimola 2, 10 na 50. Kisha weka zinki 50 kwenye bafa ya asetati, na kundi la mwisho sitreti yenye kloridi ya sodiamu milimola 150, ambayo nguvu yake ya ioni inalingana na ya zinki 50. Hili la mwisho husahaulika sana, halafu zinki inapewa sifa ambayo huenda ni ya chumvi tu. Ukishatia zinki pima pH upya, maana huishusha. Irudishe kwa hidroksidi ya sodiamu tone kwa tone huku ukikoroga. Fosfati achana nayo, hugandana na zinki ikawa unga mweupe. EDTA, kemikali inayokamata metali, nayo huinyakua zinki yote.

Andaa ampuli 3 za kila kundi kwa kila siku ya kupima: siku ya 0, 7, 14 na 28, kwenye nyuzi 5, 40 na 55. Nyuzi 55 ni za kuchuja haraka tu. Uamuzi utoke kwenye 40, na baadaye 30 kwa miezi mingi.

Penye makosa mengi ni kusoma matokeo. HPLC (mashine inayotenganisha vilivyomo kwenye sampuli na kuvichora kama vilele) ya safu ya C18, ikisoma mwanga wa nm 220, itakuonyesha kilele kikuu cha oksitosini kimepungua, lakini mabonge ya molekuli zilizoshikana mara nyingi hayatoki kwenye safu hiyo. Jumlisha vilele vyote: jumla ikiwa ndogo kuliko ya siku ya 0, dawa imeganda au imenata mahali. Pitisha sampuli kwenye safu inayotenganisha kwa ukubwa. Kagua pia kichujio chako, maana dawa inaweza kunata humo. mL ya kwanza imwage.

Kundi litakaloshinda lirudie kwa nguvu halisi ya ampuli. Yuniti 10 ni takriban mikrogramu 17 tu, na kiasi hicho kikinata kidogo kwenye kioo hasara inaonekana. Vilevile zinki milimola 50 ni mg 3.3 kwa mL, nyingi kwa sindano ya msuli. Ichukue kama ishara ya mwelekeo.

Kwa sasa, ampuli zinazopelekwa vijijini zisafiri kwenye kibaridi, nyuzi 2 hadi 8. Karbetosini inayostahimili joto, dawa ya jamii ya oksitosini, hukaa nyuzi 30, lakini ni ya kuzuia damu kutoka baada ya kujifungua. Kuanzisha uchungu au kutibu damu ambayo imeshaanza kutoka bado ni kazi ya oksitosini.