Kabla hujaligangua shairi la baba na mwana

Sisi tuliolelewa Mombasa tumekuzwa na methali isemayo fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua, na kwa hivyo tukikutana na shairi lenye utata hudhani mtunzi ameficha jibu moja na anangoja kuona nani atalifichua. Dhana hiyo ilinipotosha jioni ambayo mpwa wangu, mwanafunzi wa chuo, aliniletea barazani Kibokoni shairi la Mmarekani Theodore Roethke liitwalo "My Papa's Waltz", yaani waltz ya baba yangu, waltz ikiwa dansi ya mapigo matatu.

Ni shairi fupi la beti nne, lililochapishwa mara ya kwanza mwaka 1942. Baba anayenuka wiski anacheza dansi jikoni na mwanawe mdogo hadi vyombo vinaporomoka rafuni. Mama amekunja uso, na kila baba anapokosea hatua, sikio la mtoto linakwaruzwa na bizimu ya mshipi.

Sikuchelewa kuhukumu. Nyumbani kwetu harufu ya pombe peke yake ingetosha kumtia mtu hatiani, basi nikamwambia aandike kwamba hiki ni kisa cha ulevi na mateso. Akaniuliza, "Mjomba, na huu udongo uliogandia kiganjani mwa baba, umetoka wapi?" Sikuwa nimeuona. Marehemu baba yangu alikuwa mwashi, na aliponipapasa kichwa sugu za viganja vyake zilikwaruza kama msasa, wala sikuwahi kuona kwamba ananiumiza.

Tangu hapo nashauri hivi: kabla ya kuuliza shairi lina maana gani, andika maneno yanayovuta upande wa mapenzi, kisha yanayovuta upande wa hofu, halafu ukae zaidi na yale yanayovuta kote kuwili. Kulifasiri kwa Kiswahili husaidia sana. Baba huyo anampigia mtoto mapigo ya dansi kichwani, nasi kitenzi chetu ni kile kile, kwani tunapiga ngoma na tunapiga mtoto. Sikiliza na mizani pia. Mistari mingi ina mapigo matatu, kama waltz yenyewe, lakini baadhi yake inazidi silabi moja mwishoni, na sikio lililozoea mizani nane kwa nane hushtuka kama mguu uliokosa kidato cha ngazi. Ni mlevi anayeyumba, au ni mtoto anayezungushwa kwa furaha mpaka kichwa kimlewe? Mistari hiyo haisemi, na wewe usiisemee.

Maisha ya mtunzi yasome mwisho. Baba yake Roethke alikuwa na nyumba za vioo za kukuzia maua huko Saginaw, Michigan, naye alifariki mwaka 1923, mwanawe akiwa na miaka 14. Habari hiyo inaweza kueleza udongo wa kiganjani, lakini haimalizi kesi, maana yatima huweza kumlilia hata mzazi aliyemwogopa.

Mstari wa mwisho, mtoto anapopelekwa kulala angali ameshika shati la baba, ulituweka barazani hadi adhana ya isha. Neno "clinging" la mstari huo mimi nilitaka liwe "kukumbatia". Mpwa wangu akakataa, akasema neno hilo limeshaamua. "Kushikilia" nalo aliliona limepoa. Mwishowe akaandika "kung'ang'ania", akalisoma kwa sauti mara mbili, akafunga daftari.