"Maji makubwa" ni maji yapi?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Ninafasiri kijitabu cha wageni wanaosafiri kwa mashua za tanga kutoka Tanga kwenda Pangani. Niliandika hivi: "Kwa mujibu wa kitabu cha rubani, ingia mlango wa mto Pangani wakati wa maji makubwa." Nikamsomea mzee mmoja wa Raskazone, nahodha mstaafu. Kwanza kaniuliza kama mashua hiyo inaruka. Kisha kaniuliza: maji makubwa yapi? Nimekosea wapi? Na je, maji "yanapwa" au "yanakupwa"?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. La rubani nalimaliza upesi, maana hapo mzee kakuonea. Rubani alikuwa wa baharini kabla hajawa wa angani. Neno limetoka Kiarabu, nalo lilimtaja mjuzi wa kuongoza chombo. Aliyemvusha Vasco da Gama kutoka Malindi hadi India mwaka 1498 alikuwa rubani, na ndege zilikuwa bado miaka 400 na ushei. Hata leo meli kubwa ikifika bandarini hupandwa na rubani aiingize. Ila msomaji wako hatakuwa na wewe pembeni umweleze yote hayo. Akikuta "kitabu cha rubani" ataona ndege. Andika "mwongozo wa mabaharia", kwani ndiyo kazi yake: kueleza miamba, mafungu ya mchanga, mikondo, alama za nchi kavu za kulenga na pa kutia nanga. Ajabu ni kwamba jina la kitabu cha namna hiyo tulikuwa nalo. Mabaharia Waarabu walikiita rahmani, na ndiko inakohusishwa ramani yetu, ambayo siku hizi imebaki mchoro tu, hata wa choo na jiko.

Kwenye maji makubwa, mzee ana haki.

Maji ya bahari yetu yana miendo miwili, na kila mmoja una maneno yake. Wa kwanza ni wa kutwa: hujaa mara mbili na kupwa, yaani kushuka, mara mbili, kila mwendo saa sita na dakika chache, na kesho yake huchelewa kwa dakika 50 hivi. Wa pili hufuata mwezi. Ukiandama, au ukiwa mpevu, siku moja mbili baadaye ni bamvua, maji yanapojaa sana na kupwa sana. Ukiwa nusu, ni maji mafu, yanapojaa kidogo na kupwa kidogo. Tanga, tofauti ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua ni kama mita 3. Wakati wa maji mafu ni kama mita 1.

Sasa "maji makubwa" yanaweza kueleweka kuwa yaliyojaa, na yanaweza kueleweka kuwa bamvua. Tuseme mgeni wako kaelewa bamvua. Anatazama juu, mwezi mpevu ulikuwa juzi, anang'oa nanga usiku na kufika Pangani saa nne asubuhi akijua maji yapo tele. Lakini pwani hii maji ya bamvua hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri. Saa nne ndipo yamekupwa mpaka mwisho. Tena yalivyojaa sana ndivyo yanavyokupwa sana. Atakuta fungu la mchanga mlangoni limetoa mgongo, ndege wanatembea juu yake, na mashua italala ubavu akiwatazama wapita njia. Mtu huyo amepwelewa. Neno hilo limezaliwa na kupwa, kama pwani yenyewe, nasi tumelipandisha nchi kavu: hata asiyejua kupiga kasia husema amepwelewa akikwama.

Wala huhitaji kuunda majina mapya. Kiswahili kinaiachia njeo, yaani wakati wa kitenzi, kazi hiyo: maji yanajaa, yamejaa, yanakupwa, yamekupwa. Sentensi yako iwe: "Ingia mlango wa Pangani maji yakiwa yanajaa, yakikaribia kujaa kabisa." "Yanajaa" ina faida yake, maana chombo kikigusa mchanga, maji yanayopanda yatakiinua. Kikigusa yakiwa yanakupwa, teremsha tanga uchemshe chai.

Swali lako la mwisho nimekwisha kulijibu njiani. Kupwa ni kitenzi cha silabi moja kama kula: anakula, yanakupwa, amekula, yamekupwa, lakini hula, hupwa, akila, yakipwa, hali, hayapwi.

Nyongeza moja, maana naona kijitabuni umeandika mahali "kupigana na upepo". Miezi ya kusi, yaani upepo wa kusini, anayetoka Tanga kwenda Pangani upepo uko usoni, na mkondo wa bahari nao unavuta kaskazini. Mwendo huo wa kwenda kwa kukata pande unaitwa kubisha. Andika tu "utabisha njia nzima". Wa bara watadhani ni ubishi, au ni hodi. Mzee wa Raskazone hatadhani hivyo.