Hesabu pumzi za mzazi wako angali mzima

Juzi msomaji mmoja wa Goma ameniandikia: "Yaya, baba yangu ana mapafu kama ya mama yako. Nimnunulie kile kifaa cha kubana kidoleni, kinachopima oksijeni ya damu?" Nilimjibu kwa ufupi, ila swali lake linastahili maneno mengi zaidi. Sisi wote wenye mzazi wa namna hii tunatafuta kitu kimoja: alale nyumbani kwake, si kwenye korido ya hospitali.

Mama yangu hajavuta sigara maishani mwake. Alikaanga maandazi hapa Bukavu, mtaa wa Kadutu, kwenye mbabula, yaani jiko la makaa, katika chumba kidogo cha kupikia kisicho na dirisha, tangu mimi sijaanza shule. Wakati wa mvua mlango ulifungwa na moshi wa makaa ukabaki naye ndani. Maandazi hayo yametusomesha sote, nami ndiye kifungua mimba wake, kwa hiyo nasema haya kwa uchungu. Alipoanza kukohoa kila asubuhi na kusimama katikati ya mlima ameshika ukuta, watu walisema ni uzee. Bukavu ni milima mitupu, nani hahemi? Kila homa ikaitwa malaria, kila kikohozi tifoidi, naye akameza dawa za yote mawili. Hatimaye daktari mmoja alimpulizisha kwenye mashine, akatuambia ni ugonjwa sugu wa mapafu: njia za hewa zimebana na hazitafunguka tena kikamilifu. Hauponi. Lakini akasema kuzidiwa hakuji ghafla kama tunavyodhani, mara nyingi mwili hutoa dalili siku kadhaa kabla.

Maneno hayo nimeyashika mpaka leo.

Nilinunua daftari la shule. Asubuhi, kabla moto haujawashwa, mama akiwa amekaa ametulia, nahesabu pumzi zake dakika nzima. Kifua kikipanda na kushuka, hiyo ni moja. Simwambii, maana mtu akijua anahesabiwa, pumzi hubadilika. Namshika kifundo cha mkono kwanza kana kwamba napima mapigo tu. Mtu mzima mwenye afya hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Mama akiwa mzima wake yuko 20 au 21. Basi hiyo ndiyo namba yake, na ndiyo ninayoilinda. Usilinganishe mgonjwa wako na jirani wala na karatasi ya ukutani kwenye kituo cha afya. Mlinganishe na yeye mwenyewe.

Mvua zilizopita daftari lilinionyesha 24, kesho yake 26. Mapigo nayo yalipanda, na makohozi yaliyokuwa meupe yakawa ya manjano. Mama alikuwa ameshavaa kitenge cha kwenda kanisani, anasema hana shida. Nikampeleka. Mtu aliyetupokea aliangalia daftari langu kama kazi ya mtoto wa shule, akasema mbele ya watu: "Mama anaongea, anacheka, wewe unatuletea hesabu?" Neno hilo bado linaniuma. Tulikaa pale hadi daktari akafika, akafungua kurasa, akamsikiliza mama kifuani, akampa prednizoloni, dawa ya kutuliza uvimbe wa njia za hewa, ya siku 5 na antibiotiki kwa sababu ya makohozi yale. Usiku mama alilala kitandani kwake. Msimu mzima haujampeleka wodini, nami najivunia daftari langu mbele ya yeyote.

Sasa kile kifaa cha kidoleni. Kinunue ukiweza, lakini kisikutoe kwenye kuhesabu, kwa sababu pumzi zinaweza kuongezeka huku oksijeni bado inaonekana nzuri. Sisi tunaishi karibu na mita 1,500 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi, kwa hiyo usishangae namba ikiwa chini kidogo kuliko ya mtu wa pwani. Mama siku njema ana asilimia 91. Pasha vidole joto, toa rangi ya kucha, subiri namba itulie. Na mjue jambo hili, sisi wenye ngozi nyeusi: uchunguzi uliotolewa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba vifaa hivi vilikosa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara 3 zaidi kuliko kwa weupe. Kifaa kikisema vizuri na mama anatweta, mwamini mama.

Jingine: wenye chupa ya oksijeni nyumbani, msiifungulie mpaka 98 kwa huruma. Kwa ugonjwa huu madaktari wengi hulenga 88 hadi 92, kwani kuzidisha kunaweza kulimbikiza hewa chafu mwilini na kumlaza mgonjwa usingizi mbaya. Wala prednizoloni iliyobaki kabatini si ya kujipimia mwenyewe.

Ndugu zangu, hesabuni. Hesabuni siku njema, maana ukianza siku mbaya hutajua ulipotoka. Mtoto wa darasa la sita anaweza kazi hii, mfundishe. Mbabula itoke nje, hata mvua ikinyesha tafuta kibanda. Namba ya dereva anayekubali kutoka usiku iwe imeandikwa ndani ya jalada la daftari. Midomo ikibadilika rangi, mzazi akishindwa kumaliza sentensi, akichanganyikiwa au akisinzia kupita kawaida, acha kupima. Mkalishe wima, mpigie huyo dereva, na daftari liende naye.