Miaka mitano baada ya kukatwa tumbo, mbona nashiba kwa shida?

SWALI: Assalaam aleikum. Mimi ni mama wa miaka 44, niko Lamu. Miaka mitano iliyopita nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo, ule unaolibakisha kama mrija. Mwanzo vijiko vinne vilinitosha. Siku hizi nala mahamri matatu na mbaazi, na saa nne njaa imeshanirudia. Nimeongezeka kilo 7. Je, tumbo limetanuka? Nimeambiwa ninywe supu tupu siku tano ndipo lirudi.

JIBU: Waaleikum salaam, dada. Limelegea kiasi, na lilitarajiwa kulegea. Upasuaji huo huondoa robo tatu ya tumbo au zaidi, na miezi ya mwanzo kilichobaki huwa kimevimba na kukakamaa. Ukishapita mwaka, wengi hula ujazo wa kikombe kimoja hadi kimoja na nusu kwa mlo, kikombe cha mililita 250. Vile vijiko vinne visahau. Na supu ya siku tano haipunguzi tumbo; hupunguza maji mwilini, nayo yakirudi na kilo zinarudi.

Kabla ya kulilaumu tumbo, lipime. Mchana mmoja pima gramu 120 za samaki wa kuchoma asiye na miba, changu au nguru, na nusu kikombe cha mchicha usio na mchuzi. Usinywe kitu mezani. Tafuna polepole, dakika 20 hadi 30. Ukihisi kubanwa chini ya kifua, kwikwi, au pua kuchuruzika ghafla, hapo umeshiba, weka tonge chini. Ukishiba kabla ya kumaliza, au ukimaliza kisha ukakaa saa tatu au nne bila njaa, tumbo lako ni zima. Ukimaliza na bado unaweza kuongeza sahani kama hiyo, mrudie daktari aliyekupasua. Picha ya eksirei ya kumeza dawa nyeupe itaonyesha umbo la mrija.

Mimi nashuku kifungua kinywa chako. Hamri laini, mbaazi zilizovurugika kwenye tui, na chai ya kusukumia: vyote hugeuka uji, vikateremka mrijani kabla ukuta wa tumbo haujavutika, na ule mvutiko ndio unaoleta shibe. Mbaazi zenyewe sina ugomvi nazo, ugomvi ni tui: mililita 100 za tui zito ni karibu kalori 200. Anza na mayai mawili ya kuchemsha, yana gramu 12 za protini, kisha robo kikombe cha mbaazi za tui jepesi, na hamri moja mwisho kama nafasi ipo. Chai ingoje nusu saa. Kwa siku lenga protini gramu 60 hadi 80. Wale samaki wa gramu 120 wanakupa 25 au zaidi.

Ramadhani ndiyo huwaponza wengi, kwa tambi, viazi vya nazi na sharubati kwa pamoja. Futuru kwa tende moja na maji, ukaswali Magharibi, na ule mwanya wa swala utumie kutenganisha kinywaji na chakula. Ukirudi, samaki kwanza.

Damu ipimwe kila mwaka: vitamini B12, madini ya chuma, vitamini D. Kidonge cha chuma usikimeze na chai, na kitenganishe na cha kalsiamu kwa muda wa saa mbili.

Kiungulia cha usiku kisichokwisha, chakula kinachokwama, au choo cheusi kama lami havitibiwi kwa kubadilisha mlo, nenda hospitali. Ukitapika siku mbili mfululizo pia nenda, na uwaambie ulifanyiwa upasuaji gani kabla hawajakutundikia dripu ya glukosi. Mtu aliyekatwa tumbo akitapika sana huishiwa vitamini B1, na glukosi ikitangulia bila hiyo vitamini inaweza kudhuru ubongo.