Kabla ya Kupatana Bei na Mkerezaji, Usome Upya Mchoro Wako

Kwa miaka mingi nimesimamia matengenezo ya mashine katika kiwanda cha kukamua mafuta ya alizeti, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kuagiza vipuri visivyouzwa dukani: shafti, bushi, puli na vifuniko vya beringi ambavyo hukerezwa, yaani hukatwa kwa kisu chuma kikizungushwa kwenye mashine, kwa vipimo vya mashine moja tu. Wenzangu wengi wakipokea profoma, yaani hati ya makadirio ya bei, hukimbilia kuomba wapunguziwe, na mwenye karakana, ambaye amekwisha kuizoea tabia hiyo, huwa ameshaongeza cha kupunguza. Mimi naona mazungumzo yenye faida ni yale ya mchoro, kwa sababu ndio unaoamua kwa kiasi kikubwa saa ambazo mashine ya karakana itafanya kazi.

Karakana huuza muda, na muda mwingi huishia kwenye maandalizi. Kabla ya kukereza bushi ya kwanza, fundi husoma mchoro, hukata kipande cha kuanzia, hubadilisha taya za mashine, hupanga visu na kujaribu vipimo. Tuseme maandalizi hayo yanachukua saa 2 na kila bushi inakerezwa kwa dakika 20. Ukiagiza moja, unalipia dakika 140. Ukiagiza kumi kwa pamoja, kila moja inabeba dakika 32. Ukienda hadi mia, kila moja inashuka hadi dakika 21 na ushei, nafuu ambayo haitoshi kuhalalisha fedha zitakazolala stoo. Kwa kipuri kinacholika mara kwa mara, oda ya vichache kwa pamoja ndiyo ninayoipendelea.

Chuma chenyewe nacho kina hesabu yake. Chukua shafti ya milimita 40 yenye urefu wa milimita 300, ambayo mwisho mmoja una sahani ya kipenyo cha milimita 120 na unene wa milimita 20. Ikikamilika ina uzito wa takriban kilo 4 na nusu. Mchoro ukidai ikerezwe kutoka pande moja la chuma, fundi atanunua pande la karibu kilo 27, kisha ataligeuza sehemu kubwa yake kuwa chenga zitakazouzwa kwa bei ya chuma chakavu, nawe utalipia kilo zote pamoja na saa za kuzikwangua. Sahani hiyo ikichomelewa kwenye shafti na kusafishwa uso kwa mashine, kwa mizigo mingi ya kawaida inatosha kabisa, ila mhandisi athibitishe kwanza pale panapobeba mzigo mzito au mtikisiko.

Lakini kinachopandisha bei kimyakimya kuliko vyote ni toleransi, yaani kiasi ambacho kipimo kinaruhusiwa kuzidi au kupungua. Kwa kipenyo cha milimita 30, daraja la kati la ISO 2768, kiwango cha kimataifa cha toleransi za jumla, linaruhusu milimita 0.2 juu au chini, na fundi yeyote makini hulifikia bila shida. Mahali pa kukalia beringi aina ya 6206, kwa daraja la k6, ambalo ni la toleransi finyu zaidi, kipenyo kinatakiwa kiwe kati ya milimita 30.002 na 30.015. Nafasi hiyo ya mikroni 13 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) mara nyingi huhitaji mashine ya kusaga kwa jiwe, ambayo huenda ipo karakana nyingine yenye foleni yake. Nimeona mafundi wazoefu wakiifikia kwa msasa na subira, ila subira hiyo nayo huuzwa kwa saa. Beringi hiyo ina upana wa milimita 16 tu, na bado hukutana na michoro inayodai usahihi huohuo kwenye shafti nzima, hata pale ambapo hakuna kitu kinachogusa.

Chuma cha pua kinafaa panapogusana na chakula, lakini puli ya nje haikihitaji. Aina ya 304 huzidi kuwa ngumu kadiri inavyokatwa, hivyo visu huisha upesi. Uzi wa skrubu wa M12 wa kawaida, yaani wa kipenyo cha milimita 12, una vifaa vyake tayari, ilhali uzi wa kipimo cha ajabu hukatwa polepole kwa mkono wa fundi.

Halafu kuna wanaopeleka kipuri kilicholika bila mchoro wowote. Fundi analazimika kukisia kipimo cha awali, na mwenye busara ataingiza gharama ya kukosea katika bei yake. Mashine ikivunjika katikati ya msimu, itambidi pia ateremshe kazi ya mteja mwingine na baadaye aipange upya, nawe utalipia maandalizi yote mawili. Michoro ya vipuri vinavyolika iandaliwe, na oda zitolewe, kabla ya mavuno.

Omba profoma itenganishe chuma, maandalizi, muda wa kukereza, kazi ya kuongeza ugumu kwa moto, na VAT, ambayo kwa kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18. Kisha muulize fundi ni kipimo kipi kwenye mchoro kinachomgharimu zaidi, na mhandisi wako aseme kama kinaweza kulegezwa. Ukilinganisha karakana mbili kwa mtindo huo, mara nyingi utakuta ile ya bei ya chini haikuhesabu kabisa kazi ya moto.