Usitafute faili la masafa la mji wako, liandike mwenyewe

King'amuzi kiliungua Jumapili, na mama hakosi taarifa ya saa moja. Nikachomeka kidude cha USB cha kunasa TV kwenye laptopu yangu ya Linux, nikamwambia dakika tano tu. Saa moja ikapita. Saa tatu nayo ikapita.

Programu ya dvbv5-scan, inayosaka stesheni za TV, haibahatishi: inaanzia kwenye masafa uliyoiandikia kwenye faili. Mafaili yaliyo tayari hukaa /usr/share/dvb/dvb-t, yakiitwa kwa nchi na mji, kama de-Berlin au uk-CrystalPalace. La Mombasa sikuliona, nikanakili la Wazungu na kubadilisha masafa. Kimya. Kumbe nilikuwa nimeacha neno DVBT, yaani mfumo wa zamani wa kurusha TV ya kidijitali, na Kenya tunarusha kwa toleo lake la pili, DVB-T2, sawa na Tanzania. Tarakimu moja ilinila usiku mzima.

Kwa hiyo kwanza uliza kidude chenyewe kwa amri ya dvb-fe-tool. Isipotaja DVBT2, usijisumbue; nunua kingine. Vile vya bei ya chini sokoni vingi vinajua DVB-T peke yake, hata muuzaji aape vipi.

Kikiwa sawa, fungua faili jipya, langu nililiita mombasa, na kila masafa yaandikie fungu lake hivi:

[CHANNEL]
DELIVERY_SYSTEM = DVBT2
FREQUENCY = 546000000
BANDWIDTH_HZ = 8000000
MODULATION = QAM/AUTO
TRANSMISSION_MODE = AUTO
GUARD_INTERVAL = AUTO
INVERSION = AUTO

Masafa hayahitaji kuuliza mtu. Chukua namba ya chaneli ya UHF, zidisha kwa 8, jumlisha 306, utapata megahezi. Chaneli 30 ni 546. Anza 21, yaani 474, uishie 48, yaani 690: mafungu 28. Angalia sifuri, maana faili linataka hezi, si kilohezi. (Usiniulize nimejuaje.)

Kisha:

dvbv5-scan -o stesheni.conf mombasa

Panapotokea neno Lock, yaani kidude kimenasa mawimbi, nukuu masafa hayo. Mimi zamu ya kwanza nilipata moja tu. Nilipotoa antena nyuma ya friji nikaifunga kwenye nondo za dirisha, yakawa matatu. Yasiyoshika nikayafuta. Sasa nikisaka upya, kazi inaisha kabla chai haijachemka, na mama haulizi tena dakika tano zangu ni ngapi.