Imeandikwa Parker, je, ni Parker? Maswali yenu kuhusu kalamu za wino za zamani

Barua tulizozichagua safari hii zote zinagusa jambo moja: kalamu ya wino ya zamani iliyo mikononi mwa muuzaji asiyeijua. Mara anaiuza kwa jina kubwa lisilo lake, mara anaitupa kwenye sinia la miwani mibovu na saa zisizotembea. Katika hali zote mbili tangazo halikusaidii. Isome kalamu yenyewe.

Swali: Habari za kazi, wahariri. Kuna kijana Instagram ameweka kalamu, ameandika "Parker 51 ya mwaka 1935, nibu ya dhahabu, 150,000". Picha ni mbili tu na nibu (ncha ya chuma ya kuandikia) haionekani, imefunikwa karibu yote. Nyumbani tulikuwa na Hero ya Kichina inayofanana nayo kabisa. Nitaitambuaje? (Msomaji, Sinza)

Jibu: Tuanze na mwaka. Parker 51, kalamu ya kampuni ya Parker ya Marekani, iliingia sokoni mwaka 1941, na Marekani iliacha kuitengeneza mwaka 1972. Ya mwaka 1935 haipo. Lakini usimwone kijana kuwa tapeli kwa hilo tu. Wauzaji wengi hubahatisha mwaka ili kitu kionekane cha kale zaidi, na kalamu inaweza kuwa halali. Mwombe picha hizi kabla hujazungumza bei.

Picha ya kwanza ni ukingo wa kifuniko na sehemu ya bomba (mwili wa kalamu) iliyo karibu nao, ipigwe mchana karibu na dirisha, bila flashi. Hapo ndipo panapochorwa jina la Parker na nchi, Marekani au Uingereza. Hero 616 ya Shanghai iliiga umbo hilo la nibu iliyojificha, nayo utaikuta na herufi za Kichina au jina Hero. Watu huona mshale kwenye kibanio, wakaandika Parker bila kusoma zaidi.

Picha ya pili ni kalamu ikiwa imefunguliwa bomba. Kwa 51 zilizotengenezwa kuanzia mwaka 1948 utaona ala ya chuma imefunika kimfuko cha wino, ina ubao mwembamba wa kubonyeza, na imechorwa maelekezo ya kuubonyeza mara 6 nibu ikiangalia chini. Hiyo ndiyo aina tunayomshauri mnunuzi wa mara ya kwanza aitafute, maana kimfuko chake ni cha plastiki ngumu kuoza na vingi bado vinanyonya wino hadi leo. Zile za kabla ya hapo hujazwa kwa nyuma: unafungua kifuniko kidogo mkiani, chini yake kuna kitufe cha kusukuma. Ndani mna kiwambo cha mpira, na mpira wa miaka hiyo huwa umekufa. Kama muuzaji hana uhakika kwamba kimebadilishwa, hesabu kuwa hakijabadilishwa, kisha ukiondoe kwenye bei.

Ukiona ndani kuna katriji (kichupa cha wino cha kubadilisha) au konveta (kifaa cha kunyonya wino kinachokaa mahali pa katriji), na kifuniko kinafungwa kwa kuzungushwa, umeshika 51 mpya iliyotolewa mwaka 2021. Ni kalamu nzuri ya kuandikia, ila haina uhusiano na neno "zamani". Kifuniko cha 51 ya asili huingia kwa kusukumwa tu na kushikwa na pete ya chuma.

Ipo pia Parker 21, iliyotoka mwaka 1948 kwa bei nafuu. Kwa mbali ni pacha wa 51, lakini nibu yake ni ya chuma na plastiki yake hupasuka. Omba picha ya tatu, ya ganda la mbele linalofunika nibu, ukatafute ufa mwembamba kama unywele. Ufa huo huvujisha wino kwenye vidole, na kuuziba kwa gundi hakudumu.

Ama kuhusu dhahabu, muuzaji hawezi kukuonyesha bila kulivua ganda, nalo limegandishwa. Asilivue. Kalamu 51 za kawaida zina nibu ya dhahabu ya karati 14, ila kulikuwa na toleo la bei nafuu liitwalo 51 Special, lenye nibu ya chuma. Kwa hiyo "nibu ya dhahabu" ichukue kama dai, na ulipe kwa kile ulichokiona.

Swali: Kwenye mnada wa huku kwetu mzee mmoja anauza peni yenye maandishi "14K GF" kwenye kifuniko, anasema yote ni dhahabu. Nimeshauriwa niipeleke kwa sonara aipime. (Msomaji, Tandika)

Jibu: Usiipeleke bado, sonara atakwangua na kudondosha asidi, na alama hiyo haitoki. Herufi GF maana yake ni tabaka la dhahabu lililobanwa juu ya shaba au madini mengine. Si dhahabu tupu. Dhahabu tupu huwa na karati peke yake au namba: 375 ni karati 9, 585 ni karati 14, 750 ni karati 18. Nibu iliyoandikwa "Iridium Point" haisemi lolote kuhusu dhahabu. Inazungumzia chembe ngumu iliyo nchani, tena siku hizi maneno hayo yamejaa kwenye nibu za bei rahisi. Sumaku nayo haitoshi, kwa sababu baadhi ya vyuma visivyoshika kutu havinaswi na sumaku. Na hata nibu ikiwa ya dhahabu kweli, ile ndogo ya kawaida haifiki gramu moja. Thamani ya kalamu iko kwenye kuandika na kutimia kwa sehemu zake.

Swali: Nimepata kalamu nyeusi kwa 8,000 Mchikichini, muuzaji alisema imekufa. Ubavuni imeandikwa Conway Stewart, na ina kimkono kidogo cha chuma ambacho hakinyanyuki. Nikitumie nguvu? (Msomaji, Buguruni)

Jibu: Hapana, tafadhali. Kimkono hicho, tuite leva, kinakandamiza kimfuko cha mpira kilichomo ndani. Mpira ukizeeka hukauka ukawa kama ganda la yai, au huyeyuka ukawa kama lami. Ukilazimisha, leva inakatika au bomba linapasuka pale kwenye mwanya wake, na huo ndio mwisho wa kalamu ya Kiingereza inayostahili kutunzwa.

Kwanza jua imetengenezwa kwa nini. Isugue kwa kidole gumba hadi ipate joto, kisha uinuse. Harufu ya kiberiti, kama mpira wa gari, ni ebonaiti, yaani mpira uliofanywa mgumu. Harufu ya kafuri ni seluloidi, plastiki ya zamani. Kampuni ya Conway Stewart ilitumia pia kaseini, plastiki inayotokana na maziwa, ambayo hunyonya maji, ikavimba na kupinda. Kwa hiyo usiiloweke kamwe. Ebonaiti nayo ikilowekwa au ikianikwa juani hugeuka rangi ya kahawia. Kanuni salama ni moja: loweka nibu na shingo yake (sehemu inayoishikilia) tu, tena baada ya kuzitenganisha na bomba, na hata hapo ikiwa shingo si ya kaseini.

Kutenganisha kunataka subira. Tumia draya ya nywele kwenye moto mdogo, ukiizungusha kalamu bila kusimama mahali pamoja, hadi maungio yawe ya joto unaloweza kulivumilia kwa vidole. Kiberiti, mshumaa au jiko visikaribie. Seluloidi inashika moto kwa haraka ya kutisha. Shika shingo kwa kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, uivute huku ukiitikisa kidogo kushoto na kulia. Shingo nyingi za kalamu za leva zimechomekwa tu. Ikigoma, pasha tena. Hata ukirudia mara kumi, umepoteza muda tu. Usitumie koleo, huacha alama za meno.

Likishafunguka, toa mabaki yote ya mpira kwa kijiti cha mbao na ukague ubao wa chuma uliomo ndani. Ukiwa na kutu nyingi utatoboa kimfuko kipya. Vimfuko huuzwa kwa namba inayotaja kipenyo kwa sehemu za 64 za inchi: namba 16 ni milimita 6.35. Pima uwazi wa bomba kwa venia (kifaa cha kupimia vipenyo), uchague kinachoingia bila kugusa kuta. Paka shelaki kidogo, ile ile wanayotumia maseremala kung'arishia mbao, kwenye chuchu ya shingo (kijiti cha nyuma yake), uvishe kimfuko, ukiache usiku kucha. Usitumie supagluu, kwa sababu fundi wa baada yako hataweza kukivua bila kuvunja shingo. Pakaza unga wa talki usio na manukato juu ya kimfuko, rudisha bomba, ujaze maji na kuisimamisha kwenye glasi nibu ikiwa chini kwa saa 24. Isipodondosha, tia wino wa kalamu. Wino wa kuchorea wenye shelaki ndani huganda kwenye ulimi wa nibu (kipande cha chini yake kinachopeleka wino) na hautoki kirahisi.

Swali: Nikikuta Kariakoo kalamu ya thamani imewekwa bei ya 5,000, ni dhuluma kuinunua nikanyamaza? (Msomaji, Ilala)

Jibu: Mfanyabiashara aliyeweka bei yake mezani amekubali kuuza kwa bei hiyo, na ujuzi wako umeugharamia kwa muda. Lakini hatukubali kuidharau kwa makusudi, kusema "hii mbovu kaka, nipunguzie", hali unajua ni nzima. Huo ni uongo. Akikuuliza ina thamani gani, mwambie. Na kama anayeuza ni mama anayetoa vitu vya marehemu mumewe ili apate ada ya watoto, mweleze kabla hujatoa hela, kisha mpatane bei. Hapo hatuoni njia nyingine.

Wanaotafuta bahati hizo mtandaoni wajue kwamba muuzaji asiyejua huandika anachokiona. Atasoma kwenye nibu maneno "Warranted 14K" na kuyafanya jina la kampuni, au ataandika "Parka", "Shefa", "peni ya kizamani", "kalamu ya mkoloni". Tafuta kwa maneno hayo. Na jina la nibu lisikupe uhakika wa kalamu nzima, kwani nibu huhamishwa. Jina linaloaminika ni lile lililochorwa kwenye bomba, likiafikiana na kifuniko na namna kalamu inavyojazwa.

Swali: Montblanc 149 kwa 40,000 inawezekana? (Msomaji, Mbezi)

Jibu: Zungusha mkia. 149, kalamu ya kampuni ya Montblanc ya Ujerumani, hujazwa kwa pistoni (kizibo kinachopanda na kushuka ndani ya bomba) tangu ilipotoka mwaka 1952. Bomba likifunguka na kuonyesha katriji, rudisha na uage kwa heshima. Ikiwa ni pistoni, angalia nibu: namba 4810 iwe imechorwa kwa mistari mikali, pamoja na alama ya karati. Mwombe muuzaji mkutane mahali penye watu, uende na chupa ndogo ya maji, karatasi, tishu na lenzi ya fundi saa. Nyonya maji, yatoe, rudia mara tatu. Kisha tazama ncha kwa lenzi: meno mawili yawe sawa na chembe ya ncha iwepo pande zote mbili. Upande mmoja ukiwa umelika hadi kwenye dhahabu, kuirudishia ncha ni kazi ya fundi bingwa, na kwa kawaida kalamu husafirishwa nje ya nchi.